Alikata Uvimbe wa Dada Yake kwa Mkono Wake

Saa mbili asubuhi, maabara inanuka nta iliyoyeyuka. Mwanamke wa makamo anazungusha mpini wa mashine taratibu, na kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu kinateleza juu ya wembe. Anakidaka kwa brashi, anakilaza kwenye maji ya uvuguvugu, kisha anakiopoa kwa kipande cha kioo. Wenzake wanamwita Mkono Mwepesi.

Kazi yake ni kuandaa vipande vya uvimbe wa saratani unaoota kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, ili watafiti waone unavyozichezea seli za kinga, askari wa mwili.

"Watu hudhani saratani inawashinda askari kwa nguvu," anasema bila kuinua macho. "Mara nyingine inawabembeleza tu. Wamejaa pale pale, lakini hakuna anayenyanyua mkono."

Mwaka jana ugonjwa huo ulibisha hodi kwao. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao afariki, alianza kutokwa damu ilhali hedhi ilikuwa imekoma zamani. Akanyamaza. Aliona haya kumwambia hata mdogo wake.

Damu ilipozidi, hatimaye alikwenda hospitali. Kabla ya upasuaji, aliridhia kipande cha uvimbe kiende kwenye utafiti, kwa sharti moja: akikate mdogo wake.

"Nilikataa katakata," anakumbuka. "Akaniambia, 'Mdogo wangu, sare zako zote za shule nilizikata mimi. Na wewe nikatie hiki kimoja.'"

Alikikata. Machozi yalimtoka, lakini aliendelea kuzungusha mpini. Rangi ya kuonyesha seli ilipokolea, aliwaona kwenye hadubini: askari wameuzunguka uvimbe, wamezubaa.

Akaenda wodini kumjulia hali.

"Haya, askari wangu walikuwa wanafanya nini?" dada akauliza.

"Wamelala, dada. Uvimbe umewalaghai."

"Kumbe wamekula rushwa!"

Wakacheka hadi muuguzi akaja kuchungulia.

Madaktari walimwanzishia dada dawa ya kuwaamsha askari hao. Leo amerudi kwenye cherehani yake, ingawa bado anahudhuria kliniki na hakuna aliyethubutu kumwahidi kwamba amepona kabisa.

Sasa ndugu hao wanajiandaa kuzungumza na wanawake wa mtaani kwao.

"Yeye ataeleza habari za askari," anasema dada, akikata uzi kwa meno. "Mimi nitaeleza habari za aibu. Nani atanizidi hapo? Niliitunza vizuri mpaka ikataka kuniua."