Bi Chupa na Kisima cha Mama Mkwe

Itangazwe kwa wote wanaokunywa, wanaooga na wanaopikia: chini ya mji huu uliotia mguu mmoja baharini upo mji mwingine, wa maji matupu, na balozi wake huku juu ni mwanamke mwenye viatu vya mpira na boksi la barafu. Mabalozi wengine hupewa bendera. Huyu kapewa chupa za plastiki, ndiyo maana watoto wa mitaa yote humwita Bi Chupa.

Kazi yake ni kupita kisima kwa kisima, kuchota sampuli na kuzipeleka maabara, ijulikane wapi bahari imepenyeza chumvi yake na wapi binadamu wamepenyeza, basi, vya kwao. Kwanza hushusha kamba ya kupimia, taratibu, na hapo ndipo anapopotea. Kule chini kuna kipande cha anga kilichoanguka, na wingu linaelea ndani yake bila haraka. Husikia maji yakitembea mchangani: matamu yakija kutoka bara kwa mwendo wa bibi harusi, ya chumvi yakinyata upande wa pili kama mgeni asiyealikwa, na juu yao mji mzima unakaanga, unagombana, unapiga pasi. Wenye visima hudhani anasali. Kuna mzee aliwahi kumwitikia "amina".

Zamu ikafika kwa mama mkwe wake. Kisima chake kilichimbwa na marehemu mumewe, na mtaa mzima huchota hapo. Watoto wa Bi Chupa nao, wakitoka shule, hunywa hapo kabla hata ya kuvua viatu. Maji yakionekana machafu, kinafungwa.

"Mke wangu, yapitishe tu," mumewe alimwambia asubuhi, akitafuta soksi. "Mama ana presha."

"Na watoto wana matumbo."

Soksi ikaonekana haraka sana.

Mama mkwe alimpokea kwa gauni la kutokea, ua umefagiwa hadi mchanga unaona haya. Bi Chupa akafunua kisima. Siku hiyo hakuona anga wala wingu. Harufu ya klorini ilimpiga puani mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, umetia nini humu?"

"Nimesafisha. Mgeni akija, si unasafisha?"

"Umetia dawa kiasi gani?"

"Ndoo." Akamtazama mkwewe usoni. "Ndogo."

Hakuwa mdanganyifu, maskini. Kwake ugeni ni ugeni. Lakini kupima maji yale ni sawa na kupima poda ukasema umepima ngozi.

Chupa ilikuwa mkononi. Angeijaza tu, majibu yangetoka meupe kuliko shela, mume akatabasamu, presha ikashuka. Mara geti likalia. Wanawe wakaingia mbio, mikoba mgongoni.

"Bibi, maji!"

"Hakuna kunywa!" Bi Chupa akaweka chupa chini, akaunganisha pampu ya kisima.

Maji ya dawa yakamwagwa mtaroni, mtaa ukanuka hospitali. Jirani akatoka na beseni. "Mnamwaga dawa bure hivi hivi?" Akaloweka mashuka. Mchana ukalegea. Maji yaliteleza kando ya kuta yakimeta, mama mkwe kakaa kwenye kigoda akiyasindikiza kwa macho kama anaaga msafiri, na pampu ikanguruma mpaka wote wakasinzia kidogo, jirani na mashuka yake pia. Harufu ilipokwisha, mchanga ukatoa maji yake wenyewe, baridi na maangavu, ukiyakinga kwenye glasi utadhani haina kitu.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Mazuri hivyo!"

Bi Chupa akajaza chupa.

Majibu yalipotoka alirudi mwenyewe, na utepe mwekundu wa kufungia kisima. Mama mkwe alipouona aliinua mikono juu.

"Kisima hiki mume wangu alikichimba kwa mikono yake! Kimelea watoto, kimepikia harusi za mtaa huu! Niambie, mwanangu, usinifiche. Ni bahari imetukasirikia? Ni ardhi imetuchoka? Nani ametufanyia hivi?"

Bi Chupa akakata utepe kwa meno.

"Choo chako, mama. Kihamishe."