Leseni Yangu Ilipokuwa Haijatoka

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyomkatalia kaka yangu wa tumbo moja kitu nilichokuwa na uwezo wa kumpa. Nakusimulia kwa sababu nimekusikia ukinung'unika kwamba chuo umemaliza, mtihani umepita, na leseni ya kupiga picha za eksirei bado haijatoka.

Nami nilikuwa kama wewe. Nilikuwa nimehitimu, nasubiri leseni, na zahanati moja ya mtu binafsi kule Ukunda ilinichukua niwe napokea wagonjwa. Mashine ilikuwa chumba cha pili, lakini mwenye ruhusa ya kuiwasha alikuwa mtaalamu mwingine, na siku hiyo alikuwa amefiwa, amekwenda kwao Vanga.

Ndipo akaletwa Hamisi, kaka yangu huyo. Alikuwa juu ya mnazi huko Waa akiangua madafu, kuti aliloshika likachomoka, akaanguka. Paja lilikuwa limevimba hata suruali ikabidi ikatwe. Mkewe Mejumaa, bibi harusi bado, alikuwa amempakata kichwa nyuma ya pikapu.

“Wifi, alhamdulillahi tumekukuta,” akaniambia.

Mwenye zahanati akaniita kando. “Wewe si umesoma? Mpige picha tu. Nani atajua?”

Mikono yangu iliijua kazi, mwanangu, sikudanganyi. Chuoni nilikuwa nimeifanya, mwalimu akinitazama. Lakini nikasema, “Sina leseni, bwana. Afadhali tumpeleke hospitali ya Msambweni.”

Muuguzi akamdunga sindano ya maumivu, tukaufunga mguu kwenye ubao. Mejumaa akanitazama machoni. “Damu yako mwenyewe, wifi?” Njia nzima hakunisemesha tena. Kila gari lilipoingia shimoni Hamisi alilia, na mimi nililia naye.

Msambweni tulipokewa na mpiga picha mmoja mtu mzima, Bwana Ndoro, mpole wa maneno. Hamisi alikuwa ameung'ang'ania mkono wa mkewe, hataki kuuachia, na Mejumaa akawa anaingia naye. Bwana Ndoro akamsimamisha mlangoni, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama baba:

“Usinionee haya, binti yangu. Siku zako za mwezi zimekuja?”

Mejumaa akaing'ata ncha ya leso. “Zimechelewa, baba. Sijamwambia mtu.”

“Basi kaa hapa nje. Mionzi hii haionekani wala haiumi, na kiumbe kichanga hatukibahatishii.”

Akaniuliza nami vilevile. Niliposema sina mimba, akanivika aproni nzito ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, nikamshika kaka yangu mkono mpaka picha ikamalizika.

Tukiwa tunamsubiri daktari, nilimweleza Bwana Ndoro kwa nini tumetoka mbali vile. Akaniuliza, “Na wewe ulikataa kwa nini?”

“Niliogopa kushtakiwa.”

Akatikisa kichwa polepole. “Umefanya jema, lakini hofu hiyo haitakufikisha mbali. Anayeogopa askari tu, siku askari hayupo atabonyeza kitufe. Kaka yako akilia vile, na tajiri yako amesimama mlangoni, ungekumbuka kumwuliza wifi yako?”

Somo lile la kuuliza mimba nilikuwa nimelipasi vizuri, mwanangu, lakini kwa kilio cha Hamisi nisingelikumbuka.

“Ndiyo maana,” akasema, “wanaotoa leseni wanataka kwanza uhakikishwe. Anayelala pale hawezi kukukagua. Inabidi mwingine awe amekukagua kwa niaba yake.”

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Hamisi alilazwa muda mrefu, na mpaka leo anachechemea kidogo. Minazi amewaachia wengine. Mejumaa kweli alikuwa na mimba. Akazaa mtoto wa kike, na siku ya arubaini akaniwekea mtoto mapajani. “Wifi, nilikukasirikia sana. Niwie radhi.” Pengine hata angeingia, mtoto asingepata dhara, Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilipomshika yule mtoto, mwanangu, ndipo nilipoyaelewa maneno ya Bwana Ndoro.

Basi sikiliza. Wahenga walisema subira yavuta heri. Ingoje leseni, na ikitoka uihuishe kila mwaka bila kusukumwa. Tajiri akikuharakisha, mwache aharakishe. Mwanamke akiingia, mwulize, kwa staha, faraghani, hata foleni ikifika barabarani. Kuuliza si ujinga. Usirudie picha kwa uzembe. Na yule anayelia, kabla hujamgusa, mwambie unataka kufanya nini.

Mola akupe jicho la kuona na ulimi mpole. Kila atakayelala mbele ya mashine yako ainuke salama, na jina lako litajwe kwa heri hata na wale ambao bado hawajazaliwa. Amina, mwanangu.