Shangazi wa Jumapili

Baba yangu alikuwa na wake wawili, na kuna kadi aliyoitaka sana. Naanza hapo makusudi, maana nikianza na wanyama utadhani hii ni habari ya wanyama.

Kadi hiyo walipewa watu weusi walioonekana na Wabelgiji kuwa wameendelea: wavaa soksi, walao kwa uma, wenye mke mmoja. Baba alikuwa karani Kisangani. Soksi alikuwa nazo, uma tulikuwa nazo sita, na Kifaransa chake kilinyooka kama shati lake la Jumapili. Kilichomkwaza ni mama yangu.

Mama alikuwa mke mkubwa, binti wa wavuvi wa Basoko, hakuwahi kuingia darasani. Mke wa pili tulimwita mama mudogo. Huyo alisomeshwa na masista, alijua kufuma, alijua kusema s'il vous plaît bila kuuma ulimi. Lazima nimtendee haki: hakumnyang'anya mtu mume. Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kwao kumposa, akampokea mlangoni kwetu kwa maji ya kuosha miguu, na tangu siku hiyo walitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja. Lakini mjini, kwa sheria ya wakati ule, mke wa pili alikuwa kosa. Kwa hiyo kila mzungu wa kukagua nyumba alipokuja kutazama vitanda na sahani zetu, mama alijitwisha beseni kama anayekwenda sokoni, akashinda kwa dada yake mtaa wa nyuma. Mzungu akiondoka, mama alirudi akicheka, akauliza toka uani, "Alors, nimeisha kufa ao bado?" Baba naye alicheka. Sote tulicheka, na mimi nilidhani ni mchezo wa nyumbani kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, mdogo wangu wa kiume minne, mwaliko ulipokuja. Kazini kwa baba walitangaziwa kwamba makarani wanaongojea kadi watapelekwa pamoja na jamaa zao kwenye hifadhi ya msitu, ng'ambo ya mto Tshopo. Humo mlikuwa na njia zilizofyekwa, kila njia na kibao chake cheupe, na wanyama katika nyua kubwa, na michezo ya watoto. Mchezo mkubwa ulikuwa wa majani: watoto watembee na kuokota, kisha kila mmoja ataje jina la jani na kazi yake. Baba aliposikia hivyo macho yake yalitua kwa mama. Mimi nilijua majina ya mito ya Ubelgiji. Majani ya msitu aliyajua mama peke yake.

Walikaa wote watatu jikoni wakapanga, na mimi nilisikia, maana nilikuwa nakwangua ndizi. Baba alisema, "Pale mulangoni nitasema wewe iko dada yangu mukubwa. Batoto batakuita shangazi. Ni siku moja tu." Mama alifikiri kidogo huku akipepeta mchele, kisha akasema, "Dada ni mutu wa heshima. Ile naweza." Wiki nzima alitufundisha. Alimwita mdogo wangu, akampa kipande cha muwa, akamuuliza, mimi ni nani? Akijibu "mama" muwa unarudi kapuni. Akijibu "shangazi" anatafuna. Kufika Jumamosi mtoto alikuwa akisema shangazi hata akiota.

Jumapili kamiyo, lori la kazini kwa baba, ilituchukua asubuhi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Idi, kile cha maua mekundu, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Kama ungemwona ungesema ndiyo, huyu ni dada wa mtu mkubwa. Alishika kapu la chakula kwa sababu viatu vya mama mudogo vilikuwa vipya na vilimbana, hakuweza kubeba kitu. Hilo kapu nimelichukia maisha yangu yote.

Mlangoni mwa hifadhi alisimama mzungu mwenye daftari. Kila karani alifika mbele yake akataja watu wake. Karani aliyetutangulia alikuja na mkewe, watoto, na mama yake mzee, na mzungu akatikisa kichwa: siku ya leo ni ya mume, mke na watoto, na mtumishi mmoja wa kubeba vitu, basi. Yule bibi kizee alirudishwa akakae kwenye kamiyo. Baba alimtazama mama, kisha akalitazama daftari. Zamu yetu ilipofika alivua kofia akasema kwa Kifaransa, akituonyesha mmoja mmoja kwa kiganja, "Ma femme, mes deux enfants, et la bonne."

Mkewe, yaani mama mudogo. Watoto wake wawili, yaani sisi. Na mtumishi. Mzungu aliandika. Mama mudogo alikuwa na miaka ishirini. Kama ndiye aliyenizaa, alinizaa akiwa na tisa, lakini bwana wa daftari hakupiga hesabu hiyo. Mama hakuelewa Kifaransa. Alimtabasamia mzungu, akasema "Bonjour, mesyé" jinsi nilivyomfundisha, akapita na kapu lake kichwani, shangazi mwenye heshima zake.

Mimi nilielewa. Baba alijua kuwa nimeelewa, kwa sababu alinitazama haraka, kisha akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Mimi siku ile niliona kimevaa tai.

Hata hivyo tuliingia, na siwezi kudanganya, palikuwa pazuri. Njia ilipita chini ya miti mikubwa hata jua likawa linatufikia kwa vipande. Tuliona okapi nyuma ya ua wa miti, akijilamba jicho kwa ulimi wake mrefu, na mdogo wangu akataka kujua nani aliyemvisha soksi za mistari. Tuliona mboloko, wale paa wadogo, wamelala kivulini. Mama alitembea nyuma yangu na kuninong'oneza. Hili ni ngongo, tunafungia liboke, samaki wa kuoka. Hili ni fumbwa, mboga, tunalikata jembamba kama uzi. Hili usilishike, litakuwasha mpaka kesho. Hili wavuvi kwetu wanaliponda, wanalitia kijitoni, samaki wanalewa. Nilikuwa naokota bila kumtazama. Kila alivyozidi kunipa ndivyo nilivyozidi kutaka anyamaze.

Nilishinda. Madame wa hifadhi, mke wa msimamizi, mwanamke mrefu aliyesema Kingwana, Kiswahili chetu, kwa namna ya wazungu, alinipa sanduku la kalamu za rangi mbele ya watu wote. Bosi wa baba alimshika baba mkono. Baba alinipigapiga begani.

Balaa lilitokea kwa sokomutu, yaani sokwe. Mnyama huyo alikuwa ameketi kimya nyuma ya nondo kama mzee anayesubiri chai, kisha ghafla akaruka, akatikisa nondo na kupiga kelele. Mdogo wangu aliutupa muwa wake, akasahau mafunzo ya wiki nzima. Akampita mama mudogo aliyekuwa amemnyooshea mikono, akampita baba, akakimbilia kwenye kitenge cha maua mekundu na kujificha humo akilia, "Mama, mama, mama."

Baba alicheka kwa sauti. Alisema kwamba kwa watoto wetu kila mwanamke ni mama. Ni kweli pia, ndiyo maana uongo wake ulikuwa mzuri. Lakini Madame hakucheka. Alimtazama mama, akatazama uso wa mdogo wangu, akautazama tena wa mama, kwa sababu mtoto yule alikuwa mama mtupu, mpaka nyusi. Kisha akainama mbele yangu mimi, mshindi wake, akaniuliza kwa Kingwana ili kila mtu asikie, "Ule mama, iko nani kwenu?"

Mama alinitazama bila wasiwasi. Jibu tulikuwa nalo, alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe. Baba alisimama hatua mbili nyuma ya Madame, na kichwa chake kilikuwa kinakataa, kidogo sana, kulia na kushoto. Kama nikisema shangazi, daftari la mlangoni litamuumbua. Nilimwelewa baba yangu kuliko nilivyotaka.

"Iko boyesse yetu, Madame."

Neno hilo mama alilijua. Nani Kisangani hakulijua? Boyi ni mtumishi wa kiume, boyesse wa kike, na tajiri wao huitwa patron. Wanawake wa namna hiyo walipita mtaani kwetu kila alfajiri kwenda kufua nguo za wazungu.  Mama alimfuta mdogo wangu makamasi kwa ncha ya kitenge cha Idi. Madame akaridhika, akasema, "Iko boyesse muzuri, batoto banamupenda," na akaagiza apewe kipande cha sabuni. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Merci, Madame." Chakula kilipoandaliwa, aliondoka bila kuambiwa, akaenda kula nyuma ya banda pamoja na dereva na watumishi wa wengine. Mezani mama mudogo alishika uma na hakupeleka kitu mdomoni. Mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, na nimejilaumu kwa lile tonge la lituma, ndizi za kutwanga, pengine kuliko kwa neno lenyewe.

Nyumbani baba alijieleza sana. Alieleza habari ya bibi kizee aliyerudishwa kwenye kamiyo, na daftari, na jinsi ambavyo hakupata nafasi ya kufikiri. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba angeweza kumrudisha na yeye kwenye kamiyo, angeketi na yule bibi, wangeongea. 

"Nilikubali kufichwa," mama akasema. "Kukanwa sikukubali."

Tulifikiri amenuna, na kununa huisha. Kumbe kesho yake alihamisha mkeka wake jikoni. Akaanza kumwita baba "mesyé", yaani bwana, kama watumishi wanavyowaita wazungu. Mama mudogo alimwita "madame", na mama mudogo akalia akamwomba asimwite hivyo, mama akamjibu kwa upole, "Oui, madame." Alitupikia, alitufulia, akatuamkia. Mimi aliniita "mademoiselle". Nilimpelekea lile sanduku la kalamu za rangi, nilikuwa bado sijalifungua, nikalisukuma kwake na kusema ni lake. Alilifuta vumbi akalirudisha kwenye meza yangu, kama mtumishi mwaminifu anayeokota kitu cha mtoto wa tajiri.

Katikati ya mwezi mzungu wa kukagua nyumba alikuja bila taarifa. Baba alipauka. Lakini safari hii mama hakuwa na haja ya beseni wala ya kukimbilia mtaa wa nyuma. Alifungua mlango, akamwambia mzungu mesyé yupo, akaleta kahawa, akasimama pembeni na mikono mbele. Mzungu aliisifu nyumba yetu. Kadi ilikuja baada ya siku chache, na baba akaiweka katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

Siku ya mwisho ya mwezi mama alifunga nguo zake katika kitenge. Sabuni ya Madame aliiacha juu ya meza, haijatumika. Baba alisimama mlangoni akamkataza. Alimwambia mke haondoki hivi hivi, ndugu zake wa Basoko lazima waje, wazee wa pande mbili wakae, na yeye hajatoa talaka.

"Talaka ni ya bibi, mesyé," mama akasema. "Boyesse anamaliza mwezi, anaenda."

Nilimwona baba anapiga hesabu yake. Angeweza kwenda kwa hakimu na kusema mke wangu ametoroka. Hakimu angeuliza, mke yupi? Alisogea mlangoni. Mama aliushika mkono wa mdogo wangu, akauweka ndani ya mkono wa mama mudogo, akamwambia mtoto huyu asilale bila kunywa maji. Kisha akatoka.

Mimi nilimfuata. Nilikimbia nyuma yake mpaka bandarini, barabara nzima, na hakugeuka hata mara moja. Alipokuwa anapanda daraja la mbao la kuingilia masuwa, meli ya mtoni, ya kwenda Basoko, nilimkamata kitenge kwa mikono yote miwili, nikaanza kulia kwa sauti, na abiria wakasimama. Karani wa masuwa alikuja na karatasi zake. Aliuliza kama mtoto anasafiri, kwa sababu hana karatasi. Kisha akamuuliza mama, "Huyu mutoto iko wako?"

Mama alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu hifadhini. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti yake haikutetemeka.

"Hapana," akasema. "Iko mutoto wa patron yangu. Mumurudishe kwao."

Alinifungua vidole kimoja kimoja, bila kuniumiza, akaingia. Mchukuzi mmoja alinishika mkono akaniuliza tunakaa mtaa gani, nami nikamtajia.