Bangili ya Mama

Juzi hapa Nchiru, kwenye kibanda cha mboga, nilimwona mtoto akitunga shanga huku mama yake akikata sukuma. Mtoto alikuwa amepaka ncha ya uzi sabuni ili iwe ngumu, kama nilivyojifundisha mwenyewe zamani.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilikuwa Gachoka kwa Cucu, nyanya yangu. Githeri ya mahindi na maharagwe ilichemka, moshi ukanuka kuni mbichi, mbuzi wakalia nje. Mama alikuwa kazini, mbali.

"Mtungie bangili," Cucu aliniambia. "Ukimaliza, atakuwa amefika."

Sasa najua alitaka tu niache kuchungulia barabara. Mimi niliichukua kama ahadi.

Nilimaliza jua likiwa bado juu. Barabarani hapakuwa na mtu. Nikaikagua bangili, nikaona shanga nyeupe imekaa mahali pa nyekundu. Nikaanza kuifumua.

"Ai, wewe msichana! Mbona unaharibu kitu kizuri hivyo?"

"Cucu, ina kosa. Ndiyo maana hajafika."

Cucu akapangusa mkono wake kwenye leso, akaninyoshea. "Basi nivalishe mimi, na hilo kosa lake."

Nilikataa. Niliogopa kwamba akiivaa yeye, Mama hatakuwa tena na sababu ya kuja. Nikafumua yote, shanga zikagonga bakuli la bati moja moja. Mama hakuja jioni hiyo.

Bado natunga, na bado nafumua, peke yangu katika chumba hiki cha kupanga. Ila sasa hakuna anayeninyoshea mkono.