Siku Kipanga Alipoketi Benchi

Majirani walikuwa na hakika kwamba Kipanga ni tajiri. Mtu anayerusha ndege za kukodi, anayeshinda na wenye fedha zao, atakosaje? Walimwona akitoka nyumbani alfajiri na shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, mistari ya dhahabu mabegani, wakasemezana, "Yule maisha ameyapatia." Usione vyaelea, vimeundwa. Hawakumwona kwenye viwanja vidogo vya ndege akipakia mabegi ya wateja kwa mikono yake, akifagia makombo ya biskuti zao chini ya viti, akifuta wadudu waliogandia kioo cha mbele, kisha akikaa kwenye kivuli cha bawa tangu asubuhi mpaka jua linageuka, akimsubiri mtu aliyeapa kwamba mkutano wake ni mfupi.

Kuruka kwenyewe alikupenda. Kila magurudumu yalipoachana na ardhi, moyo wake uliruka nayo, mwaka wa kumi na moja sasa, na haujazoea bado. Alichokichukia ni simu.

Simu ya kazi ililala naye mto mmoja. Ikiita, saa moja baadaye awe uwanjani, mchana au usiku, sikukuu au siku ya kufua. Iliwahi kumkuta kwa msusi akiwa amesukwa nusu kichwa, akaenda kurusha ndege na kofia. Mumewe, fundi wa friji asiyeisha utani, alikuwa ameipa jina. "Mume mwenzangu anakuita," alimwambia, na Kipanga alicheka huku anatafuta viatu.

Walioumia zaidi ni watoto, hasa binti yao mkubwa. Alikuwa kidato cha tatu, na katika timu ya shule ya mpira wa wavu wenzake walimwita Nyundo, kwa jinsi alivyoupiga mpira. Kipanga alikuwa hajawahi kumwona akicheza mechi hata moja ikaisha. Alimwona kwenye video za baba yake tu, na nusu ya video hizo zilikuwa kidole cha baba.

Sasa Jumamosi moja timu ya kina Nyundo ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya shule, katika mji wa milimani ng'ambo ya mto. Na Jumamosi hiyo hiyo Kipanga alipangiwa kwenda mji huo huo, na ndege tupu, kumchukua mteja saa kumi jioni. Hakumwambia binti yake. Amwambie nini? Kwamba atakuwa umbali wa kutupa jiwe, ila amekaa chini ya bawa?

Asubuhi hiyo alikuwa anakunywa chai iliposikika simu yake mwenyewe, ile ya nyumbani.

"Mama!" Nyundo alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake wasichana wengine walikuwa wanapiga kelele zaidi. "Maji yamefunika daraja! Basi limegeuzwa! Wanasema mpaka kesho!"

"Poleni, mwanangu. Poleni sana."

"Mama, Baba anasema leo unakwenda huko huko."

Kipanga alimgeukia mumewe. Mumewe akawa anaichunguza dari.

"Ndege si yangu, mwanangu."

"Lakini inakwenda tupu?"

Kipanga akakiweka kikombe chini. Inakwenda tupu, ndiyo. Mara ngapi alikuwa amevuka milima na viti kumi vilivyofungwa mikanda, havina mtu? Akahesabu kwa vidole: akiondoka asubuhi badala ya mchana, siku yake ya kazi itakuwa ndefu, lakini bado ndani ya saa anazoruhusiwa.

"Msiondoke hapo mlipo," akasema. "Wala msifurahi bado."

Akampigia Meneja wa safari. Meneja huyu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia moja: alijibu kwa niaba ya wateja kabla hawajaulizwa.

"Haiwezekani," alisema. "Mama Saruji amelipia ndege nzima, kwenda na kurudi. Hatakubali."

"Umemuuliza?"

"Nimsumbue mteja kwa mambo ya watoto?"

"Basi nipe namba, nimsumbue mimi."

Meneja alivuta pumzi. "Likiharibika lolote, ni juu yako."

"Liwe juu. Si ndiko ninakofanyia kazi?"

Mama Saruji alikuwa mkandarasi wa majengo, mwanamke mwenye sauti nzito, na alipopokea simu nyuma yake mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma. Kipanga alilazimika kueleza mara mbili.

"Viti vimekaa tupu, na wewe unaniomba ruhusa ya nini?" Mama Saruji alifoka. "Wapakie! Mimi saa kumi nikukute tayari, basi."

Kipanga alipokata simu aligundua kwamba amesimama juu ya kiti. Hakukumbuka amepandaje.

Wasichana walifika uwanjani na basi la shule, wakiimba mpaka vioo vinatetemeka. Pamoja nao alikuwa Kocha, mwalimu wa michezo, pande la mtu. Meneja aliandika majina yao huku amenuna, na Kipanga akawapanga foleni kwenye mizani ya mizigo. Kila aliyepanda, wenzake walishangilia uzito wake kama bao. Kocha alipopanda, mshale uliruka kama umeumwa na siafu.

Uzito ulitosha. Viti havikutosha. Ndege ilikuwa na viti kumi, pamoja na kile cha mbele kando ya rubani. Wasichana walikuwa kumi. Kocha akawa wa kumi na moja.

"Hilo si tatizo," alisema Kocha. Akamvuta mchezaji wa akiba, mdogo kuliko wote, aliyeitwa Njugu. "Huyu hana hata uzito wa kuku. Nitampakata."

"Kocha, kwenye ndege yangu hapakatwi mtu. Kila kiuno na mkanda wake."

"Kapteni, safari yenyewe ni ya dakika chache!"

"Hata ingekuwa ya kuvuka barabara."

Njugu hakuambiwa kitu. Alifungua begi la timu, akatoa viatu vyake, akaanza kurudi kwenye basi bila kumtazama mtu. Kocha alimfuata kwa macho. Kisha akakuna kidevu.

"Wewe! Rudi kwenye mstari!" Akawageukia wengine. "Mwaka mzima nimewafoka. Kama leo hamwezi kucheza mpaka mnisikie tena, basi sikuwafundisha kitu." Akamsogelea Kipanga, akashusha sauti. "Simu yako ina chaji?"

Nyundo alikaa kiti cha mbele, mikono ameikalia kwa sababu mama yake alimwonya asiguse kitu. Injini zilipounguruma kelele zilijaa nyuma. Ndege ilipoanza kukimbia zikawa vilio. Magurudumu yalipoachia ardhi kukawa kimya kabisa, kama darasa mkaguzi anapoingia. Halafu mmoja akasema taratibu, "Jamani, ile ni shule yetu," na kelele zikalipuka upya.

Waliuona mto, maji mekundu yametambaa mpaka mashambani, na daraja limebaki vyuma viwili vya pembeni. Magari yalipanga foleni kila upande kama sisimizi. Kipanga alizunguka wingu zito, akazungumza na mnara wa kuongozea ndege, akashusha mwendo. Alipogeuka, binti yake alikuwa hatazami nje. Alikuwa anamtazama yeye.

"Nini?"

"Hakuna," alisema Nyundo. "Sikujua unaongea hivyo."

Walipotua, Kipanga alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alifunga milango, akaweka vizuizi vya magurudumu, akamkabidhi mlinzi wa uwanja ndege yake. Aliazimia kuwafikisha wasichana kwenye mechi tu, kisha arudi. Lakini mpango wa Mungu si wa Meneja. Refa alikataa kuwaruhusu.

"Timu haiingii bila mtu mzima kwenye benchi. Kocha wenu yuko wapi?"

Wasichana kumi waligeuka kwa pamoja wakamtazama Kipanga.

"Wewe ndiye kocha?" Refa aliangalia mabega yake ya dhahabu.

"Mimi rubani. Kocha yuko humu," alisema, akainua simu. Kutoka kwenye simu sauti ilinguruma: "Mwambie nipo!"

Refa alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Akamwonyesha benchi.

Ilikuwa nusu fainali. Seti ya kwanza walifungwa vibaya. Miguu yao ilikuwa bado angani. Kocha alipiga kelele simuni, Kipanga akazirudia bila kuelewa hata nusu yake. "Anasema sogeeni wavuni! Anasema nani amelala? Anasema... hilo sitalirudia!" Seti ya pili Nyundo alianza kuupiga mpira kama mtu anayeudai. Kila ulipogonga chini upande wa pili, Kipanga aliruka, kofia ikaanguka, akaiacha. Wakashinda seti hiyo.

Seti ya tatu pointi zilikuwa zinafukuzana. Kwenye pointi ya kumi na mbili kwa kumi na mbili, sauti ya Kocha ilikatika, na simu ya kazi ikaita mfukoni. Mkono wake ulishaichukua kabla hajafikiri.

"Uko wapi?" Meneja alihema. "Mama Saruji amemaliza mapema. Nimemwambia unamsubiri mlangoni. Kimbia!"

Miaka kumi na moja alikuwa anakimbia. Mguu mmoja ulishatoka kwenye benchi. Lakini refa alikuwa amemtolea jicho: benchi likibaki bila mtu mzima, mechi imekwisha.

"Tulipanga saa kumi," alisema Kipanga. Sauti yake ilikuwa ile ya kuongea na mnara. "Bado saa moja nzima. Saa kumi nitakuwa tayari."

"Mteja atakasirika!"

"Amekwambia amekasirika?"

Kipanga akakata, na kabla woga haujamkuta akampigia Mama Saruji mwenyewe.

"Nani anakimbizwa?" alishangaa Mama Saruji. "Nilisema nimemaliza, sikusema nakufa. Mimi sasa hivi nataka kula. Mnaongoza?"

"Tuko sare, mama!"

"Sasa unaongea na mimi kwa nini?"

Kipanga alikata simu kwa mara ya pili, kwa raha. Uwanjani mchezaji mmoja alikuwa ameteguka mguu, na Njugu alikuwa anaingia, amefunga kamba za viatu mpaka za ziada zinaburuta. Mpira wa kwanza uliokwenda kwake ulimgonga kifuani, ukaruka juu bila mpango wowote. Nyundo aliupanda huko huko juu. Pah! Pointi. Uliofuata, tena. Wa mwisho wapinzani waliutoa nje wenyewe, na Kipanga hakumbuki vizuri kilichofuata, isipokuwa alijikuta chini ya wasichana kumi, mistari yake ya dhahabu imegeukia mgongoni.

Fainali hakuiona; benchi alimwachia mwalimu mmoja wa shule mwenyeji, aliyeahidi kuwalaza wasichana hapo mpaka maji yashuke darajani. Saa kumi kamili alikuwa amesimama mlangoni mwa ndege, shati limetapakaa vumbi jekundu, na Mama Saruji akipanda ngazi na wahandisi wake alimtazama chini mpaka juu.

"Mmeshinda," alisema.

"Tumeshinda, mama."

Alipotua nyumbani na kuzima injini, akawasha simu. "Wa pili!" Nyundo alikuwa anapiga mayowe kama aliyeokota dhahabu. "Tumefungwa fainali, Mama, lakini wa pili! Tuna kikombe! Kidogo, lakini kina masikio!"

Wiki iliyofuata Kipanga aliwaita marubani wenzake watatu. Aliwaomba kila mmoja awaulize wateja wake swali moja tu: safari zao wanazijua lini? Karibu wote walizijua siku kadhaa kabla. Hakuna aliyewahi kudai rubani alale na simu. Meneja ndiye aliyewaahidi. Walimwendea wote wanne, kwa adabu, wakakaa ofisini mpaka chai yao ikapoa. Meneja alinuna siku tatu. Ya nne akabandika ratiba ukutani: kila rubani siku mbili za mapumziko kwa wiki, na siku hizo simu ya kazi inabaki ofisini.

Mambo yote hayakunyooka. Makombo ya biskuti bado wanayafagia wao, na vivuli vya mabawa bado wanavijua kwa majina. Lakini Jumanne ya kwanza ya mapumziko, Kipanga alizunguka nyumba yake asubuhi nzima kama mgeni, hajui aanze na nini, mpaka mumewe akamhurumia akamchukua kwenda kutengeneza friji ya duka la nyama. Alimshikia tochi. Mumewe alikuwa ndani ya friji mpaka kiunoni, anaimba, na anaimba vibaya, na Kipanga alicheka mpaka mwenye duka akaja kuuliza kuna nini. Walirudi kwa miguu, polepole, wamebeba machungwa kwenye mfuko wa vifaa, na hakuna aliyewapigia.