Seva ya Tatu

Hospitali nilikokuwa nikifanya kazi, Dodoma, ilikuwa na seva mbili za DHCP. Kazi ya seva hizo ni kuipa kila kompyuta anwani inapowashwa. Isipopata anwani sahihi, kompyuta inawaka vizuri lakini haifiki popote kwenye mtandao. Msimu ule wa vumbi, kompyuta za mapokezi zilianza kupotea moja moja. Wagonjwa waliotoka Chemba alfajiri walikaa kwenye mabenchi wakisubiri majalada yafunguke. Daktari mmoja alinipigia simu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ana mtoto mbele yake anayehema kwa shida na majibu ya maabara hayaoni.

Mkuu wa kitengo chetu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, aliniagiza niweke ukaguzi wa seva hizo kwenye programu yetu ya kufuatilia mtandao. Sikuwahi kuifanya kazi hiyo. Kuieleza ni rahisi: programu inajifanya kompyuta ngeni, inaomba anwani kwa sauti ya kusikika mtandao mzima, kisha inasubiri kuona nani atajibu. Niliandika anwani za seva zetu mbili, nikahifadhi, nikatazama skrini. Mistari yote miwili nyekundu: hakuna seva iliyojibu.

Nilikimbilia chumba cha seva nikidhani nimezizima kwa mikono yangu, nikazikuta zinanguruma kama kawaida. Kumbe programu ya ulinzi ya mashine yangu ndiyo iliyokuwa ikizuia majibu yasiingie. Nilipoyafungulia njia, mistari yote miwili ikageuka kijani. Chini yake ukatokea wa tatu, wa manjano: kuna seva nyingine imejibu, nayo haijulikani.

Nilichowaza ni mwizi. Mtu ameingia ndani, anagawa anwani zake, na siri za wagonjwa zinapita mikononi mwake. Nilipomwonyesha mkuu, alivua miwani, akasema tusimwambie mtu mpaka tujue iko wapi.

Kila kifaa kina namba yake kiliyotoka nayo kiwandani. Niliifuata namba ya seva ile ngeni swichi kwa swichi, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za mtandao, vidole vikikosea herufi, mpaka ikanifikisha kwenye tundu moja la waya ukutani, ofisi ya masjala. Tulikwenda wote wawili.

Ndani alikuwepo mama wa masjala, ambaye kila asubuhi nilimwamkia mlangoni. Nyuma ya kabati lake palikuwa na ruta ndogo ya nyumbani, ya aina inayouzwa kwenye maduka ya Chang'ombe, imechomekwa ukutani. Ilikuwa ikiigawia anwani kompyuta yoyote iliyoomba, na kompyuta iliyojibiwa nayo kabla ya seva zetu ndiyo iliyopotea.

Hakukana. Alisema mama yake ni mgonjwa huko Kibakwe, hainuki tena kitandani, na mdogo wake humshikia simu ya video mchana ili waonane. Simu yake ofisini haikuwa na mtandao wa maana, ndipo akaileta ruta iipe intaneti. Hata hiyo ruta, alisema, siku nyingine ilishika, siku nyingine ilikataa.

"Nilichomeka waya tu, mwanangu. Sikujua inawagusa wagonjwa."

Nilimtazama mkuu nikiogopa atakachosema. Alimuuliza kwa nini hakuomba ruhusa aende. Mama akajibu kwamba masjala wamebaki wachache, aliona aibu kuomba.

Mkuu aliichomoa ruta mwenyewe. Alisema taarifa ataiandika kama mambo yalivyo, lakini kwanza wataenda pamoja utawala kuomba likizo ya dharura.

"Nenda ukamuuguze, mama," alimwambia. "Simu haimgeuzi mgonjwa ubavu."

Kompyuta za mapokezi zilitulia, ila mimi sikutulia. Nilisikia mama wa masjala amepewa barua ya onyo, kisha nikasikia mama yake amefariki. Nilianza kumwogopa hata kabla hajarudi. Niliamini kwamba akiniona ataona aliyemfichua.

Alirudi baada ya mazishi, akasimama mlangoni kwangu amejifunga khanga nyeusi. Nilimpa shikamoo na pole.

"Nilimlisha uji kwa mkono wangu mpaka mwisho," alisema. "Usingekiona kile kidude, angefariki nikimwangalia kwenye simu."

Nilimvutia kiti, akakaa.