Viatu vya Zaituni

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ile ya vita, nikiwa na miaka kumi na minne, nimesimama kwenye gereji ya mjomba wangu Ramadhani, mtaani Buyenzi. Mbele yangu kuna basi dogo, kioo chake cha nyuma kimejaa vumbi. Kwa msichana aliyeota kuwa mwandishi, mwanangu, vumbi lile lilikuwa daftari!

Darasani kwetu alikuwepo Zaituni. Familia yake ilikimbilia kwetu kutoka mtaa uliochomwa. Alikuja shule na viatu vya kiume, vikubwa kama mitumbwi. Basi nikaandika kwa kidole: "Zaituni, viatu vya babu." Wenzangu wa shule waliokuwa pale walishika mbavu kwa kicheko, nami nikavimba kichwa.

Jioni basi likapona, likarudi barabarani. Mtaa wa Jabe wakasoma, mtaa wa Musaga wakasoma. Zaituni akipita sokoni, watoto wanamwimbia: "Viatu vya babu!" Akaacha shule.

Mjomba alipojua hakunipiga. Alinipa kitambaa chenye maji.

"Ni we uliandika? Enda ufute."

"Mjomba, basi liko Musaga!"

"Apana kubishana. Enda."

Nikatembea mpaka Jabe, basi limeshapita. Njia ya Musaga askari wameifunga. Nikarudi nalia, kitambaa kimekauka mkononi.

Gerejini nikamkuta Zaituni na ndoo, anafuta vioo vya magari yote, maana watoto wengine nao walishaiga mchezo wangu wa kuandika vumbini. Kimoja kilikuwa na maneno: "Asha, meno ya panya." Asha ni mimi! Alikifuta hicho mbele yangu, taratibu, mpaka kikang'aa.

"Zaituni, ni mi niliandika yako."

"Najua. Shika ndoo." Akakamua kitambaa. "Viatu ni vya baba. Yeye hakufika."

Jumatatu alirudi shule, amevivaa vilevile, kichwa juu. Mimi nilimbebea madaftari, na sijapata kubeba kitu kwa fahari kama ile.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili, maana kidole changu ndicho kilikuwa ulimi. Simu yako, mwanangu, ni kile kioo, ila basi lake halirudi gereji. Kabla hujaandika jina la mwenzako, jiulize viatu vyake vimetoka wapi. Ukikuta mtu amechafuliwa, usisambaze. Mtetee, hata kama jana alikuchafua wewe.

Mungu akupe kidole kizito cha kuumiza na chepesi cha kufuta, na siku jina lako likiandikwa vumbini, akuletee Zaituni na ndoo yake.